Wafanyabiashara wa Dar na wanajeshi, vita ya kwanza ya dunia 1914 mpaka 1918: ni kweli wenye maduka walifaidika?

Kijana wa Gerezani

Wakuu habari za jioni. Mimi natembeza wageni mjini kwa miguu, tunaanzia kanisa la Azania Front, tunashuka bandarini, tunapanda Samora mpaka kwenye mnara wa Askari, afu tunakata Mtaa wa India tunaishia Kisutu kwenye kahawa na kashata.

Sasa wiki iliyopita nilikuwa na kundi la wenyeji watupu, walimu wa sekondari, tukafika Mtaa wa India likazuka bishano kubwa. Mmoja anasema wenye maduka wa mjini, hasa Wahindi, kwenye ile vita ya kwanza walikula na kila jeshi lililopita, Mjerumani walimuuzia, Mwingereza alipoingia tarehe 4 Septemba 1916 wakamuuzia na yeye, vita inaisha wao matajiri na Mswahili hoi. Mwenzake akasema si kweli, wanajeshi walikuwa wanabeba mali wanaacha karatasi tu, na wenye maduka waligombana nao sana ila hakuna anayesimulia kwasababu historia yetu ya vita ile ni Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa jeshi la Mjerumani, na manowari basi.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Sitaki kusimama pale barabarani kuwaambia watu kitu ambacho si sawa, wale ni babu zao na bibi zao tunawazungumzia.

Mzee wa Upanga

Kijana umeuliza jambo la maana sana, ngoja nikueleze kwa mtiririko wake maana ukianzia 1916 hutaelewa.

Mwaka 1914 Dar ilikuwa inajiandaa na sherehe, sio vita. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi wa Februari mwaka huohuo, na serikali ya Mjerumani ikapanga maonyesho makubwa ya biashara yafanyike hapa mjini mwezi wa Agosti. Sasa wewe fikiria mwenye duka anasikia kuna maonyesho na reli imefungua soko mpaka Ziwa Tanganyika, atafanya nini? Anaagiza mzigo. Wengi ni mzigo wa mkopo, ndivyo biashara ya pwani ilivyokuwa inaendeshwa, mwenye nyumba kubwa ya biashara anamkopesha wa kati, wa kati anamkopesha mwenye kiduka cha huko bara, na malipo yanarudi msimu wa mavuno. Agosti inaingia, vita. Tarehe 8 Agosti manowari ya Mwingereza inaitwa Astraea inapiga mizinga mnara wa simu ya upepo hapahapa Dar. Wajerumani wenyewe wakazamisha gati lao la kuelea pale mlangoni mwa bandari ili meli za adui zisiingie. Maana yake hata mzigo wako nao hauingii.

Hapo ndipo ugomvi wa kwanza ulipoanzia na ulikuwa wa Wajerumani wenyewe kwa wenyewe. Gavana Heinrich Schnee hakutaka miji ya pwani ipigwe, akakubali mapatano na Waingereza kwamba Dar na Tanga hazitafanya uadui. Lettow-Vorbeck alikuwa amefika nchini Januari mwaka huohuo, yeye aliona mapatano yale ni aibu, jeshi lake akalikusanya Pugu. Kwa sheria gavana ndiye alikuwa juu ya jeshi lakini yule bwana hakumsikiliza. Sasa mwenye ghala lake Dar, awe Mjerumani wa DOAG, ile kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, awe Mgiriki, Mgoa, Mwarabu au Mhindi, moyo wake ulikuwa upande gani? Ghala haliwezi kukimbilia Pugu. Mwisho wa mwaka 1914 mizinga ikaja kweli, hata nyumba ya gavana, ambayo ndiyo Ikulu ya leo, ikabomolewa vibaya.

Halafu 1915 Mwingereza akatangaza kuifunga pwani yote. Tangu hapo jeshi linakula kutoka ndani ya nchi. Askari kama 2,500 waliokuwepo mwanzoni wakaongezeka mara kadhaa, na wapagazi wasiohesabika, wote wanataka nguo, mchele, chumvi, mafuta, ngozi ya viatu. Vitu hivyo viko wapi? Viko kwenye maghala na maduka. Kwahiyo ofisa anakuja na bei yake aliyoipanga yeye, hapo hakuna kupatana bei, anachukua anaandika. Kusema waliuza ni kulainisha maneno, kuuza ni pale ambapo unaweza kukataa.

Na Mhindi alikuwa na shida ya ziada. Kwa karatasi yeye ni raia wa Mwingereza, yaani raia wa adui, yuko ndani ya mji wa Mjerumani. Akificha bidhaa anaitwa mhujumu, akionekana na barua ya kutoka Zanzibar au Bombay anaitwa jasusi. Mtu wa namna hiyo utamwambia alikuwa anakula na jeshi?

Kusanya Sarafu

Naomba niongezee kwenye hizo karatasi maana nakusanya hela za zamani na moja ninayo hapa mezani naiangalia.

Hii ni rupia moja, ya tarehe 1 Novemba 1915, imeandikwa Daressalam/Tabora. Ukiishika hutaamini ni noti ya benki, karatasi kama ya daftari, wino wa rangi moja hauna nakshi wala picha ya maana, upande wa mbele inasema Interims-Banknote, yaani noti ya muda, chini sahihi mbili. Noti zao za kabla ya vita zilichapwa Ujerumani nzuri kabisa. Hizi zilichapwa hukuhuku, za mwanzo hapa Dar kwenye mtambo wa gazeti, kwasababu meli haziji na jeshi linataka hela ya kuwalipa askari na kununulia vyakula. Zilianza zile kubwakubwa mwezi wa tatu 1915, rupia 20, afu zikafuata 200, afu zikaja za 5, 10, 50 na ya 1. Angalia hapo wakuu, wanashuka mpaka rupia moja. Kwanini uchape rupia moja ya karatasi? Kwasababu rupia moja ya fedha imepotea sokoni. Nani kaipoteza? Watu wameificha, na wa kwanza kuificha ni mwenye duka.

Huo ndio ugomvi wenyewe, haukuwa wa mapanga wala maandamano. Jeshi linasema karatasi hii ni rupia, pokea. Mwenye duka anajua rupia ni ile ya fedha yenye uzito wake, hata ikibadilika serikali ukiiyeyusha ni fedha bado. Karatasi ikibadilika serikali ni karatasi. Hawezi kuikataa mbele ya askari mwenye bunduki, kwahiyo anaipokea mchana na fedha anaifukia usiku.

1916 wakahamishia utengenezaji Tabora, kwenye karakana ya reli wakapiga sarafu za shaba za heller 20 (heller ndiyo senti ya rupia), zina taji na herufi D.O.A., chini ya mwaka kuna T. Pia wakapiga rupia 15 za dhahabu, dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba, ina tembo kanyanyua mkonga, hazikufika hata 20,000. Hizo za dhahabu ukizipata leo unajenga. Ila mwanakijiji wa Kisarawe aliyeuza mhogo wake 1915 hakulipwa tembo wa dhahabu, alilipwa hii niliyonayo mezani.

Mama Vitenge K/koo

Shikamoo mzee wa Upanga. Salamu kwa wengine.

Mimi si msomi wa historia, nauza vitenge Mtaa wa Narung'ombe, ila biashara ya jumla na rejareja naijua ndani nje na naomba niseme kitu ambacho naona mnakiruka. Mnaongea "wenye maduka" kama ni mtu mmoja. Kuna mwenye ghala na kuna mwenye kiduka, hao hawako sawa hata siku moja.

Mwenye ghala akipewa karatasi na jeshi anafanya nini, hakai nazo. Anamlipa nazo aliye chini yake, au anapandisha bei, ukija na fedha nakuuzia kaniki kwa bei hii, ukija na karatasi bei nyingine. Mwenye kiduka naye anazisukuma chini, anakwenda kununua nazi na mhogo kwa Wazaramo kwa karatasi. Mzaramo anazipeleka wapi? Ndio mwisho wa njia. Yeye hana wa kumsukumia, hana ndugu Zanzibar, hana dhahabu ya mke ya kuyeyusha, na kwenye kiduka kilekile alikopewa anaambiwa karatasi yako thamani nusu. Karatasi mbaya ni kama maji, inashuka mpaka ifike kwa wa chini na hapo inasimama.

Kwahiyo yule mwalimu wa kwanza asikemewe sana. Kutokea kwa Mswahili aliyekuwa anatazama, aliyemkata sio ofisa wa Kijerumani maana huyo hata hamuoni, aliyemkata ni mwenye kiduka. Na maumivu yake ni ya kweli kabisa, msiyafute kwa kusema na mwenye kiduka aliumia.

Mzee wa Upanga

Marahaba mwanangu. Umenena vizuri na sina ugomvi na hilo la kusukumiana karatasi. Ila tofautisha kuumiza na kutajirika. Mwenye kiduka alimpunja Mzaramo, sawa, lakini mwisho wa yote ghala tupu na sanduku limejaa noti za benki ambayo Septemba 1916 imeshaondoka na jeshi lake kuelekea bara. Noti yenyewe inaahidi kwamba benki italipa kwenye madirisha yake humu nchini. Nenda Dar Oktoba 1916 ukatafute hilo dirisha. Wachache wakubwa walivuka salama kwasababu fedha yao ilikuwa Zanzibar na Bombay toka zamani. Wengi wa Mtaa wa India hawakuwa hao.

Binti Pangani

Samahani kwa kuingilia, mimi ni wa Pangani ila nakaa Mbagala. Naona wote mmeanzia 1914 wakati wafanyabiashara na wanajeshi wa Kijerumani wameanza kugombana hata kabla Dar haijawa makao makuu.

1888 mwezi wa nne Sultani Khalifa wa Zanzibar alikubali kuikodisha kampuni ya Wajerumani ushuru wa pwani yote kwa miaka 50. Kampuni, sio serikali. Agosti wakaanza kupandisha bendera yao kwenye miji, kwetu Pangani akaja bwana mmoja anaitwa Emil von Zelewski, jeuri isiyo na mfano, akashusha wanamaji wa manowari wakamsaidia kuwatisha watu. Sasa ushuru wa pwani ndio ulikuwa roho ya mji. Misafara inashuka na pembe, wenye mashamba ya miwa wana mikopo yao, maliwali wana chao, kila mtu ana mahali pake kwenye mnyororo ule. Ukiuchukua ushuru kwa nguvu umewagusa wote kwa mpigo. Ndio maana Abushiri bin Salim ambaye alikuwa na shamba la miwa aliweza kusimama na watu wa kila aina nyuma yake, na Sadani kule Bwana Heri naye mtu wa biashara na misafara. Septemba manowari Leipzig ikapiga Bagamoyo. Desemba Wajerumani na Waingereza wakaifunga pwani pamoja. Januari 1889 vita ikafika mpaka Pugu kwenye misheni. Halafu akaja ofisa wa Kijerumani Wissmann na askari wa kukodi kutoka Sudani na Msumbiji, Abushiri akanyongwa kwetu Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Ninachotaka kusema, kampuni ya wafanyabiashara ilishindwa kuitawala pwani ikaita jeshi, na jeshi likija halirudi. Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua moja kwa moja na makao yakahama Bagamoyo yakaja Dar. Kwahiyo mji huu ulivyo kama makao makuu ni matokeo ya ugomvi huo huo. Wahindi wa Bagamoyo walikuwa katikati, mali zinaharibika, wengine wakakimbilia Zanzibar, na bado walikuja kuujenga mji mpya. Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa misafara wa Bagamoyo, hospitali ya hapa Dar ya watu weusi ilijengwa kwa hela yake, ndio maana Muhimbili kuna wodi ya Sewahaji mpaka leo. Watu wanalazwa pale hawajui ni nani.

Kijana wa Gerezani

Duh nimepata zaidi ya nilichoomba, nashukuruni sana, na dada wa Pangani hilo la Sewahaji naliweka kwenye ziara.

Swali langu lililobaki. Mwingereza je? Alivyoingia 1916 wenye maduka si walipumua, hasa Wahindi maana sasa ni serikali "yao"?

Kusanya Sarafu

Walipumua kwa siku chache za bandari kufunguliwa, basi.

Mzee wa Upanga

Ngoja nilijibu hili maana ndilo linasahaulika kuliko yote.

Mwingereza aliyeingia Septemba 1916 hakuwa serikali, alikuwa jeshi. Vita ilikuwa bado inaendelea kule Rufiji na kusini, ikaja kuisha Novemba 1918. Dar ikawa mji wa nyuma ya vita, bandari ni ya jeshi kwanza, reli ni ya jeshi kwanza, mzigo wa mfanyabiashara unasubiri.

Mfano mmoja unaonekana kwa macho mpaka leo. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko kule nyuma ya mji, vita ikaanza kabla halijaanza kutumika. Mwingereza akalichukua kulaza wapagazi wa Carrier Corps, ndio Kariakoo hiyo. Soko la wananchi likageuka kambi. Walipita pale vijana kutoka kila pembe ya nchi, makumi ya elfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, wengi bila hata kaburi lenye jina. Biashara ikarudi kwenye jengo lile 1923 tu. Kwahiyo Mama Vitenge, hapo unapouza, miaka saba hivi jeshi na baada ya jeshi lilikaa juu ya mahali ambapo mfanyabiashara alipaswa kuwa.

Kuna na mali za Wajerumani. Maduka yao, mashamba yao, hoteli ya Kaiserhof ambayo ilikuja kuitwa New Africa, vyote vikashikwa kama mali ya adui na baadaye miaka ya mwanzo ya 1920 vikauzwa kwa mnada. Hapa ndipo yule mwalimu wa kwanza ana pa kusimamia, wapo Wahindi waliokuwa na fedha taslimu walionunua majengo na mashamba kwa wingi. Lakini huo mnada ulifanywa na utawala wa kiraia baada ya vita, na aliyenunua ni mwenye mtaji uliosalimika. Usimchanganye na yule wa kiduka aliyebaki na sanduku la karatasi za Interims.

Na kama unadhani walikuwa wapenzi wa Mwingereza tazama 1923. Serikali ya Tanganyika ilileta sheria za kodi ya faida na leseni za biashara, ikataka na vitabu vya hesabu viandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, wakati wao waliandika Kigujarati. Wahindi wakafunga maduka nchi nzima, siku 54. Najiuliza kwanini hawakufanya hivyo 1915, wakati dhuluma ilikuwa kubwa zaidi? Jibu langu ni kwamba chini ya jeshi hufungi duka. Ukifunga linavunjwa na wewe unaitwa adui. Silaha uliyonayo ni kuficha tu, kuficha fedha, kuficha bidhaa, kusema imeisha kumbe iko chini ya sakafu. Akija mtawala wa kiraia mwenye bunge lake London na magazeti yake, hapo ndipo kufuli linakuwa silaha. Kwahiyo 1915 kimya chao kisikudanganye ukadhani walikuwa wameridhika.

Mama Vitenge K/koo

Mzee hapo kwenye kuficha nimekuelewa vizuri sana. Ila ile anayosema "imeisha" kumbe iko chini ya sakafu, anayelala bila chumvi ni nani? Kijana wa Gerezani ukiwatembeza watu waambie na hilo.

Kijana wa Gerezani

Nitawaambia mama, nakuahidi. Nitasimama Mtaa wa India niwaambie jeshi lilichukua, mwenye ghala akasukuma, mwenye kiduka akasukuma, na mkulima akabaki nayo. Hizo noti nitaomba Kusanya Sarafu aniruhusu nipate picha nichapishe kubwa, watu washike mkononi.

Kuna mahali naweza kusoma zaidi bila kwenda Ujerumani?

Binti Pangani

Nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga. Mafaili ya enzi ya Mjerumani yamewekewa herufi G mbele ya namba, yako ya biashara, ushuru, fedha. Unahitaji kibali cha utafiti kwahiyo anza mapema, ufuatiliaji wake una hatua. Tatizo ni mwandiko, Kijerumani cha mkono cha zamani kile hata anayejua Kijerumani cha leo anahangaika, tafuta mtu wa kukusomea. Ukikutana na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu usiziruke, tafuta shehe yeyote wa pwani aliyesoma za zamani akusomee, maana humo ndimo watu wetu walikuwa wanalalamika kwa maneno yao wenyewe.

Kusanya Sarafu

Picha unapata mkuu, mbele na nyuma, nitakutumia za rupia 1 na hiyo heller 20 ya Tabora. Ukichapa weka na tarehe yake chini, 1 Novemba 1915, watu wahesabu wenyewe ilibaki miezi kumi tu kabla jeshi lililoitoa halijaukimbia mji.